Juu ya "-ga" ya Usukuma katika Kiswahili cha Kuandika

Katika barua, taarifa na kumbukumbu za mabaraza zinazopita mikononi mwetu hapa Maganzo, liko jambo moja dogo ambalo waalimu wengi hulikata kwa kalamu nyekundu pasipo kulitazama mara ya pili. Ni ile silabi -ga ifuatayo mwisho wa neno la tendo: anakujaga, tunalimaga, walichotaga, haendagi. Twajua ya kuwa si Kiswahili sanifu, wala hatukusudii kuitetea katika maandiko. Walakini twaona kwamba sisi waalimu tumekosa kwa namna tunavyoisahihisha, na kosa letu limekuwa kubwa kuliko la mwanafunzi. Hilo ndilo tutakalolionyesha.

Kwanza yafaa kuuliza, hii -ga yatoka wapi? Si uvivu wa ulimi. Kisukuma hutia -ag- ndani ya neno la tendo, kabla ya irabu ya mwisho, kuonyesha jambo litendekalo mara kwa mara au kwa desturi. Kinyamwezi nacho hufanya vivyo hivyo, na mfano wake waonekana katika lugha nyingine nyingi za Kibantu. Mtoto wa Kisukuma ajifunzapo Kiswahili huja na chombo hicho mkononi, na akikosa mahali pa kukitia hukipachika mwishoni. Tena Maganzo ni mji wa njia panda. Tangu Dkt. John Williamson alipogundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, watu wa makabila mengi wamekuja kutafuta riziki huku, na mgeni akikaa miaka michache, naye husema anakujaga kama mwenyeji.

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya msingi wa Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoanza kazi mwaka 1930, ikakisimamia vitabuni kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki. Katika Kiunguja -ga haimo, basi haikuingia vitabuni. Hayo yote ni sawa. Lugha ya kuandikwa yataka kanuni moja, ili barua itokayo Kishapu isomwe Tanga pasipo mkalimani.

Lakini mwalimu anayeikata -ga na ajue kazi iliyokuwa ikifanya, maana kazi hiyo haikatwi kwa kalamu. Nasi twaona kazi tatu.

Ya kwanza ni kuonyesha desturi. Anayesema "analimaga" hasemi ya kwamba mtu yuko shambani saa hii, bali kulima ndiyo kawaida yake.

Ya pili ni kulitaja desturi hilo pamoja na mtendaji wake. "Ninakujaga" ni mimi, "wanakujaga" ni wao. Kiswahili sanifu hutumia hu-, nayo humficha mtendaji: "huja" ni mimi, ni wewe, ni wao, mpaka atajwe kwa jina au kwa neno jingine.

Ya tatu ni kuichukua desturi hata katika wakati uliopita na katika ukanusho: walikujaga, haendagi. Hu- haifiki huko. Haina wakati uliopita, wala haikanushwi.

Basi mwalimu amwambiaye mwanafunzi, "Usiandike -ga, andika hu-," amempa jembe moja kwa kazi tatu. Na yule anayekata -ga tu asiweke kitu mahali pake hakumpa hata jembe hilo moja. Tutazame barua ya kumtambulisha Mkristo ahamiaye usharika mwingine. Mwandishi akiandika, "Ndugu huyu anaimbaga katika kwaya yetu," tukikata silabi moja yabaki, "anaimba katika kwaya yetu." Mchungaji aipokeaye barua hana hakika kama asifiwa mwimbaji wa siku nyingi au mtu aliyeingia kwaya juzi. Kama tungaliandika, "Ndugu huyu huimba katika kwaya yetu," shaka ingalikwisha.

Hapo hasara ni ndogo. Tutasimulia sasa palipokuwa na hasara kubwa, wala hatujifichi, kwa maana sehemu ya lawama ni yetu.

Katika kijiji kimoja cha jirani palikuwa na kisima, na mtu mmoja akakizungushia uzio, akisema ya kwamba kimo katika eneo lake. Kina mama wa upande ule wakamtuma mzee mwenzao kwa kijana ajuaye kuandika, ili awapelekee malalamiko barazani. Mama yule akasema maneno haya: "Sisi tulichotaga maji kisimani hapo, na hakuna aliyetuzuiaga." Kijana alikuwa mwanafunzi wetu. Alikumbuka kalamu yetu nyekundu, akaandika kwa hati nzuri: "Sisi tulichota maji kisimani hapo, na hakuna aliyetuzuia."

Wasomaji wataona mara moja lililoharibika. Mama alitaja desturi ya miaka mingi, na barua ikataja tendo lililotendeka na kwisha. Wazee wa baraza waliisoma kama ilivyoandikwa, wakajibu ya kuwa mtu akikuruhusu kuchota siku moja kwa hisani, hisani hiyo haikupi haki ya kisima. Kwa maandishi waliyopewa, hukumu yao haikuwa ya kipumbavu. Nasi sote tukaao Shinyanga twajua maana ya kufungiwa kisima wakati wa kiangazi. Kina mama wale walikwenda mbali na ndoo zao muda wa majuma mengi, mpaka wazee wawili wa zamani walipoitwa wakashuhudia kwa midomo yao, na uzio ukaondolewa. Kama mashahidi wale wangalikuwa wamekufa, barua ile safi, isiyo na kosa hata moja la sarufi, ingaliwanyang'anya watu maji yao.

Kijana alipaswa kuandika: "Tangu zamani tulikuwa tukichota maji kisimani hapo, wala hapakuwa na mtu aliyekuwa akituzuia." Kiswahili sanifu hakikukosa maneno. Sisi ndio tuliokosa kuyafundisha.

Liko kosa la pili lizaliwalo na hilo la kwanza. Mwanafunzi aliyekatwa sana huogopa neno la tendo lililo tupu, akadhani ya kwamba usalama uko katika urefu. Ndipo twasoma, "huwa wanakuwaga wanakutana," ambapo desturi imetajwa mara mbili na mkutano mmoja, na "hukutana" ingalitosha. Ndipo pia twasoma katika taarifa, "tuliweza kupata hasara," na hata "marehemu aliweza kufariki." Kuweza ni kuwa na nguvu au nafasi ya kutenda. Je, marehemu alikuwa akijitahidi kufa, na mwisho akafaulu? Na aandikwe kwamba alifariki, basi. Kadhalika "walifanya ukaguzi wa vitabu" si zaidi ya "walikagua vitabu", isipokuwa limekawia kufika.

Hata hivyo tusikate kila fungu la maneno kwa sababu ni refu, tusije tukarudia kosa lile lile kwa upande mwingine. Kupiga magoti na kupiga kura hayana neno moja la kuyashika mahali pake. Na wachungaji watajua tofauti ya "ameoa" na "amefunga ndoa". Mtu aweza kuoa kwa desturi ya kwao, kwa mahari na ng'ombe, naye hajafunga ndoa kanisani. Katika daftari la usharika maneno hayo mawili hayabadilishani, na anayefupisha la pili kwa la kwanza ameandika habari nyingine.

Kwa hiyo twapendekeza waalimu wafundishe mambo haya pamoja, wala si moja moja. Kwa desturi ya sasa, hu-, na mtendaji atajwe: "Mzee huyu huja kila Jumapili." Kwa desturi iliyopita, kuwa pamoja na -ki-: "Alikuwa akija." Kwa ukanusho, "haji", au tukitaka kukaza desturi, "huwa haji", hapo huwa lina mahali pake halali. Kwa tendo moja lililopita, "alikuja." Kwa jambo lililotimia kabla ya jingine, "alikuwa amekwisha kuja." Mtoto akiyaona matano hayo ubaoni kwa siku moja, pamoja na -ga yake mwenyewe kando yao, ataelewa ya kuwa haambiwi lugha ya mama yake ni ujinga. Ataona ya kuwa anafundishwa kuvusha mzigo ule ule kwa mtumbwi mwingine.

Nasi tumeanza kufanya hivyo. Tukutanapo na -ga katika daftari, hatuikati kwanza. Twamwita mwandishi na kumwuliza maswali mawili: "Jambo hili hutendeka mara ngapi? Nalo limekwisha, au bado?" Akiisha kujibu, yeye mwenyewe hulitafuta neno lifaalo, na mara nyingi hulipata. Kazi hii yachukua wakati, na daftari za darasa ni nyingi. Lakini tumekwisha kuona bei ya kwenda haraka, nao walioilipa walikuwa kina mama wenye ndoo.