Dondoo za Nyoka: Ipi Hutuliza Hofu, Ipi Huichochea?

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika darasa la awali mambo ni tofauti kidogo: wengi wanaoshtuka hawajawahi kuumwa, na wengine hata nyoka hai hawajamwona. Hofu yao wameirithi kwa wakubwa. Ndiyo maana walimu hupenda kuwapa watoto dondoo za kuvutia kuhusu nyoka, wakiamini kuwa kinachojulikana hakitishi. Mbinu hiyo ina masharti yake. Dondoo mbili zinaweza kuwa za kweli zote, na bado moja ikatuliza huku nyingine ikichochea.

Tuanze na chanzo cha hofu yenyewe. Mwaka 2009, wanasaikolojia Judy DeLoache na Vanessa LoBue waliwaonyesha watoto wachanga video mbili kwa wakati mmoja, moja ya nyoka, nyingine ya mnyama mwingine. Video peke yake haikuwatia hofu. Lakini iliposikika sauti ya mtu mwenye woga, walimkazia macho nyoka kwa muda mrefu kuliko iliposikika sauti ya furaha. Kwa hiyo mtoto hahitaji kuzaliwa na woga wa nyoka. Inatosha awe mwepesi wa kumhusisha nyoka na woga wa watu wengine. Mwalimu anayesimulia habari za nyoka huku akijikunyata amekwisha kufundisha somo jingine kabla hajamaliza sentensi.

Baada ya sauti huja maneno. Nchini Uingereza, Andy Field na Joanne Lawson walichapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu watoto wa miaka 6 hadi 9 waliosimuliwa habari za wanyama wa Australia wasiowajua kabisa. Mnyama aliyesimuliwa kwa ubaya aliogopwa, na watoto walisita kuingiza mkono katika sanduku waliloambiwa kwamba yumo. Hakuna aliyemwona, hadithi ilitosha.

Hapo ndipo uchaguzi wa dondoo unapokuwa kazi ya kitaalamu. Chukua swila mkubwa mtema sumu aliyetambuliwa kisayansi mwaka 2007 kwa jina la Naja ashei, kumuenzi James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Huyo ndiye mkubwa kuliko swila wote watemao sumu, na anaweza kuzidi mita 2. Mtoto wa miaka 10 ataipokea habari hiyo kwa shangwe. Mtoto wa miaka 4 aliyekwisha kuogopa atauliza swali moja tu: yuko wapi usiku huu? Rekodi za ukubwa, kasi na ukali wa sumu zingoje siku nyingine.

Dondoo inayotuliza hueleza kile hasa kinachomtisha mtoto anapomtazama nyoka. Ulimi unaochezacheza si mwiba wala silaha. Nyoka hukusanya nao harufu na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kinywa. Macho yasiyopepesa si ya hasira. Hayana kope za kufumba na kufumbua, yamefunikwa na gamba angavu. Kwa mtoto anayedhani kila nyoka anamwinda yeye, yupo nyoka mla mayai, ambaye karibu hana meno. Humeza yai zima, akalipasua kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo zilizochomoza ndani ya koo, akameza ute na kiini, kisha akalitema ganda likiwa limesinyaa. Watoto hucheka, na wanapocheka wamekwisha kuelewa kwamba nyoka ana shughuli zake.

Hata hivyo, kicheko peke yake hakimalizi kazi. Mwaka 1967 Albert Bandura, Joan Grusec na Frances Menlove walishughulika na watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa wakiogopa mbwa. Baadhi walimtazama mtoto mwenzao akimsogelea mbwa hatua kwa hatua, kila kipindi akifanya jambo gumu kidogo kuliko lililotangulia. Wengine waliandaliwa sherehe huku mbwa yupo, lakini bila mtoto wa kumwiga. Waliomtazama mwenzao walipiga hatua kubwa, iwe palikuwa na sherehe au hapakuwa nayo. Sherehe tupu haikuwafikisha wenzao hapo.

Kwa somo la nyoka, ngazi zaweza kuwa hizi: mchoro, picha halisi, gamba lililovuliwa, kisha nyoka aliye nyuma ya kioo. Katika kila ngazi atangulie mtoto asiyeogopa, na dondoo iende na kinachoonekana. Habari ya macho iwekwe kwenye gamba, kwa sababu nyoka hulivua pamoja na kile kifuniko cha jicho, na mtoto anaweza kukiona mwenyewe.

Ngazi ya mwisho ndiyo inayotutenga na jaribio la Bandura. Mbwa yule alikuwa mpole, na watoto walimpapasa. Kwetu yupo kifutu, anayejilaza kimya njiani akifanana na majani makavu, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa duniani kote watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Somo letu basi liishie kwenye kanuni, si kwenye kushika: simama, rudi nyuma taratibu, mwite mtu mzima. Hofu iliyopindukia huharibu hata kanuni hiyo, maana mtoto hukimbia ovyo au huokota jiwe.

Kipimo cha mafanikio kiwe swali moja baada ya wiki: ukimwona nyoka utafanya nini? Anayeeleza hatua zile tatu, hata kama bado moyo unamdunda, amefaulu. Anayesema atambeba nyumbani amefurahia dondoo na kukosa somo, na mwalimu wake asiongeze nyingine kabla hajairudia kanuni.