Mgeni Katika Mji wa Mawe

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kipofu ajapokuwa na macho. Maneno hayo hayakusudii kumdharau mgeni. Yanamkumbusha mwenyeji kuwa huyu aliyeshuka jana aona kuta asione nyumba, aona watu wakipita asijue waendako. Kumpa mgeni macho ni wajibu wa mwenyeji; na pale mwenyeji asipokuwapo, wajibu huo huachiwa maandishi. Basi yafaa maandishi ya namna hiyo yapimwe kama yapimwavyo maandishi mengine yote: je, humpa msomaji macho, ama humwongezea upofu?

Mji Mkongwe wa Unguja ni mahali pema pa kufanyia kipimo hicho. Mji huo umekaa juu ya rasi ndogo. Magharibi yake ni bahari; mashariki, palipokuwa na mkono wa bahari uliofukiwa katika karne ya 20, sasa pana barabara pana, na upande wa pili wa barabara ndiko Ng'ambo. Jina la Darajani lingali likikumbusha daraja lililokuwa likivuka maji yale. Ndani ya mipaka hiyo motokaa haina kazi kubwa, maana vichochoro vingi ni vyembamba hata watu wawili wakikutana hubidi mmoja ajibane ukutani ampishe mwenziwe. Mtu huenda kwa miguu, na mgeni hupotea. Kupotea huko si msiba: atakayeshikilia mwendo wa upande mmoja hatakawia kutokea pwani au barabarani, na asiyetaka kutembea bure humwuliza mzee aliyeketi barazani, akaelekezwa kwa kidole na kwa hadithi.

Kwa ajili ya mgeni huyo vimeandikwa vitabu na vijitabu vingi, hasa tangu mwaka 2000 mji ulipotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Haki yataka ianze kutajwa sifa yake. Maandishi hayo ni ya manufaa. Mwenye siku mbili tu za kukaa hawezi kuanza kwa kusoma tarehe yote ya pwani. Ataka kujua aanzie wapi na aishie wapi. Basi kijitabu humwambia kuwa Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondoka. Kuwa Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash. Kuwa soko la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904. Habari hizo ni za kweli, na anayezitoa kwa ufupi na kwa usahihi ametenda jambo jema.

Kasoro yaanza pale ambapo kijitabu chadhani kwamba kuhesabu vitu ndiko kuonyesha mji. Mfano ulio wazi ni mlango. Hakuna kijitabu kisichosifu milango ya Unguja, na sifa hiyo ni halali yake. Msomaji huambiwa atofautishe mlango wa mtindo wa Kihindi, wenye upinde juu na misumari ya shaba, na ule wa mtindo wa Kiarabu wenye kichwa kilichonyooka. Huonyeshwa minyororo na maua yaliyochongwa katika miimo, na mfaa unaosimama katikati ya mbao mbili. Lakini katika maelezo yote hayo hakuna mtu abishaye hodi. Mlango umefanywa picha iliyotundikwa ukutani. Kwa mwenyeji mlango ni mahali pa kupaza sauti na kungoja kuitikiwa. Huko ndiko kuliko heshima ya nyumba, na nakshi huja baadaye. Mgeni asiyeambiwa neno hili atasimama mbele ya nyumba ya watu kwa kitambo kirefu, ageuze kichwa huku na huku, apige picha, aende zake bila salamu, wala hatajua kuwa amefanya jambo la utovu wa adabu.

Ndivyo ilivyo kwa baraza pia. Huelezwa kuwa ni jukwaa la mawe lililoungana na ukuta, nalo hakika ndivyo lilivyo. Lakini baraza ni mahali ambapo mwenye nyumba hukutana na mpita njia pasipo kumwingiza ndani. Ni chumba cha wageni kilichotolewa nje. Hapo hunywewa kahawa, huchezwa bao, na husemwa yale yasiyosemwa ofisini. Kijitabu kikitaja mawe ya baraza pasipo mazungumzo yake, kimetaja chungu kikaacha chakula.

Majina ya mitaa nayo hutajwa kama alama za ramani tu. Mkunazini, Sokomuhogo, Forodhani, Hamamni: kila jina ni sentensi nzima kwa ajuaye Kiswahili. Palikuwa na mti, palikuwa na biashara, palilipwa ushuru, palikogwa. Mwandishi aliye makini angeonyesha vilevile mambo ambayo majina huyanyamazia. Jina la Mkunazini limehifadhi mti. Halikuhifadhi soko la watumwa lililokuwapo hapo mpaka lilipofungwa mwaka 1873, ambapo sasa limesimama kanisa lililojengwa katika zama za Askofu Edward Steere. Mgeni apitaye na ramani pekee atasoma mti, wala hatasikia minyororo.

Ili kuona jinsi lugha hii inavyoweza kumwongoza mtu katika mji, hapana haja ya kuazima mifano mbali. Kiswahili kina mwongozo wa kale wa kutembelea mji, ingawa haukuandikwa kwa watalii. Huo ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Humo mshairi anausemeza moyo wake, akiupitisha katika majumba ya fahari yaliyobaki magofu: taa zilizowaka sasa zimezimika, na katika zidaka zilizopambwa kwa vyombo vya kigeni wamekaa ndege na popo. Lililo kubwa kwa hoja hii ni kwamba mshairi hamwombi msomaji amwamini. Amwambia anayeshuku aende mwenyewe kwenye nyumba hizo, ageuze shingo atazame, aite. Naye hataitikiwa ila na mwangwi.

Hapo pana fundisho la uandishi. Mshairi alijua kuwa kipimo cha nyumba ni kuita ndani yake. Hakuhesabu vyumba wala hakupima urefu wa kuta. Aliuliza walikwenda wapi waliokuwamo. Kwa swali hilo moja gofu la Pate limekuwa hai katika fikira za wasomaji kwa vizazi vingi, ilhali majumba mengi yaliyosimama wima na kuelezwa kwa vipimo yamesahauliwa mara kitabu kilipofungwa. Utenzi huu nao una mpaka wake, na uhakiki hauna ruhusa ya kuuficha. Makusudi ya mshairi ni mawaidha juu ya dunia ipitayo, na kwa hiyo watu anaowalilia hasa ni mabwana. Hao walioufanya mji uwe hai kwa mikono yao, waliobeba maji na kuchoma chokaa, hawana sauti ya kwao katika magofu yale.

Mfano wa pili ni wa Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, Adili anaingia katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na aliye hai ni binti mmoja tu, Mwelekevu. Hadithi hiyo husomwa kwa desturi kama fundisho la adili na uasi, nayo ni hivyo. Lakini yaweza pia kusomwa kama hadithi ya mgeni aliyefika katika mji mzuri uliokamilika kila kitu ila pumzi. Adili hatosheki na kuyatazama mawe yale. Aendelea mbele mpaka akutane na mtu wa kumweleza yaliyotukia, na tangu hapo mji una maana. Laiti angalirudi chomboni baada ya kustaajabia sanamu, kisa kisingalikuwapo. Vijitabu vingi humrudisha msomaji chomboni mapema mno.

Mfano wa tatu watoka katika Unguja yenyewe. Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, huirejea Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni. Yasmini, msichana aliyeozwa kwa Raza, mwenye duka aliyempita sana kwa umri, akaa katika nyumba ya Mtendeni kama aliyefungwa. Mtaa kwake ni kitu cha kutazamwa. Denge na wenzake, wanaokwepa askari wa serikali ya kikoloni, huuona mji kwa jicho jingine kabisa: kwao penye kona pana maficho, na penye giza pana usalama. Mwandishi hakuandika sura ya kuusifu mji. Aliwapa watu wake haja, na kila mwenye haja akapita njia yake. Kwa hiyo msomaji ajifunza kuwa kichochoro kimoja chaweza kuwa gereza kwa mtu huyu na kimbilio kwa yule. Hakuna ramani iwezayo kusema hivyo, wala haifai kulaumiwa kwa kutoweza. Lakini mwandishi wa maneno hana udhuru huo.

Huenda mtu akapinga kwa kusema kuwa si haki kulinganisha kijitabu cha mgeni na utenzi au riwaya, maana kila kimoja kina kazi yake. Pingamizi hili lina nguvu, na lastahili jibu. Hakuna anayetaka kijitabu kiwe riwaya. Linalotakiwa ni dogo: kwamba katika kurasa zake awepo mtu anayeishi mjini. Mara nyingi wenyeji huonekana humo kwa sura mbili tu. Ama ni papasi, yule kijana afuataye wageni kwa maneno mengi, ambaye msomaji huonywa ajihadhari naye. Ama ni uso wenye tabasamu katika picha, usio na jina wala kazi. Baina ya hao wawili wameachwa mamia: fundi seremala, mwalimu wa chuo, mama auzaye vitumbua asubuhi, mchukuzi asukumaye gari la mizigo akipiga kelele apishwe. Hao ndio wanaojua njia.

Jambo hili si la mapambo ya uandishi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kwa chokaa na kwa boriti za mikoko. Mvua ikipenya darini, chokaa hulegea na boriti huoza. Nyumba ya namna hiyo yahitaji mtu akaaye ndani, aonaye ufa ungali mdogo, apandaye juu kuziba kabla ya masika. Ikiachwa bila mkaaji huanza kufa, hata kama mlango wake ungali ukipigwa picha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa limesifiwa katika vitabu visivyo na idadi kwa nguzo zake na kwa ukubwa wa milango yake. Katika sifa zote hizo, waliopanda juu kutengeneza hawakupata nafasi. Siku ile ndipo ulimwengu ulipokumbuka kuwa chini ya mawe huwapo watu.

Basi hukumu ya uhakiki juu ya maandishi ya wageni ni hii. Yanaeleza kweli, lakini kweli ya mji uliokwisha kuhamwa. Yanamtembeza mgeni katika Unguja kana kwamba ni Pate ya utenzi au mji wa mawe wa Adili, ingali Unguja ina watu wanaopika, wanaodaiwa kodi, wanaogombana na kupatana. Mji ukisomwa hivyo kwa miaka mingi, wenye fedha huanza kuutengeneza ufanane na usomaji huo: nyumba huwa ya kulala wageni, duka la unga huwa duka la vinyago, na mkaaji hutafuta chumba kwingine.

Mwandishi atakayeandika upya kitabu cha kuongoza wageni katika Mji Mkongwe hatapungukiwa na mifano, kwa kuwa lugha yake imekwisha kumtangulia. Aanze pale alipoanza mshairi wa Pate: ampeleke msomaji mbele ya mlango, amfundishe kupaza sauti na kusema hodi. Kisha amwambie angoje. Katika Pate ya utenzi kilichojibu kilikuwa mwangwi. Katika Unguja ya leo bado kuna mtu ndani wa kuitika karibu, na kitabu kisichomjulisha mgeni jambo hilo kimemnyima lililo bora kuliko yote aliyoyajia.