Mizani ilikuwepo, akasoma kioo

Mliosimama pale Makutano, Meru, mkitazama ile Corolla AE91 ya 1989 ikihamishwa kutoka R12 kwenda R134a, mliona kazi safi ya asubuhi nzima, kisha mkaona ikiharibiwa kwa dakika tano. Nasema kuharibiwa, wala sitafuti neno la upole.

Yaliyofanywa vyema nayataja upesi: draya mpya, oringi za kijani, oili ya esta badala ya ile ya madini, adapta kwenye midomo yote miwili, vakyumu ya dakika 45. Hata mshale wa geji ulipogoma kwenye 25 fundi hakubabaika. Hapo nampa maksi zake, maana nimechoka kuwaambia mafundi wa huku mlimani kwamba ile 29 ya vitabuni ni ya Mombasa. Meru iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yenyewe haina zaidi ya inchi 25 za kukupa, na Embu haipishani sana. Kuna watu wamenunua pampu mpya wakitafuta inchi nne ambazo hakuna pampu duniani ingewapatia.

Kisha likaja la kioo. Kibandiko chini ya boneti kilisema gramu 800 za R12. Kanuni ya kuhama tunaijua sote: R134a inaingia asilimia 80 hadi 90 ya uzito huo, yaani kati ya gramu 640 na 720. Mizani ya dijitali ilikuwa mezani, inawaka. Fundi akaipa kisogo, akainamia kioo cha draya, akaona povu, akafungua vali. Povu. Akaongeza. Bado povu. Akaupindua mtungi na kuutikisa, kijana wake akikanyaga mafuta, akaongeza tena. Kioo kilipong'aa akafunga vali, akasimama wima, nanyi mkampigia makofi. Mtungi ulipokuja kupimwa baadaye ulikuwa umepungukiwa zaidi ya gramu 900.

Karani wa kituo cha majani chai hapokei gunia kwa kulitazama. Fundi wa AC anajaza gesi kwa macho, tena tunamsifu ana jicho!

Kioo kile kilikuwa shahidi mwaminifu enzi za R12. Gesi na oili ya madini viliyeyukiana, kwa hiyo povu lilimaanisha gesi haitoshi, basi. Kwenye R134a ushahidi huo haufai. Hata ukimwaga oili ya zamani, masalio yake hubaki kwenye evapoleta na mipira, hayayeyuki kwenye gesi mpya, na yakipita kiooni huonekana kama maziwa. Isitoshe, mfumo wa R134a unaweza kuonyesha viputo ilhali umeshiba. Anayengoja kioo king'ae amekwisha kupita kipimo. Kinachozidi kinakaa kama majimaji kwenye safu za chini za kondensa, mahali ambapo mvuke ungepaswa kupoa, na presha haina pa kwenda ila juu.

Mbona basi matundu ya dashibodi yalipuliza baridi kali? Kwa sababu ilikuwa asubuhi, na ilikuwa Meru. Kwenye nyuzi 17 hivi R12 na R134a zina presha karibu sawa, huwezi kuzitofautisha kwa geji. Zipandishe hadi nyuzi 60, joto la kondensa njia ya Isiolo saa nane mchana: R12 inasimama kwenye baa 15.2, R134a kwenye 16.8. Hapo bado hatujahesabu ile ziada, na kondensa ya gari hilo iliundwa kwa ajili ya gesi ya kwanza. Haikushangaza kwamba lilipopita Ruiri klachi ilianza kuingia na kutoka. Swichi ya presha ndiyo iliyoiokoa kompresa.

Wazee wa R12 niliowakuta Embu hawakukabidhi gari kabla ya kulishusha hadi Kiritiri, kwenye joto la Mbeere, geji zikiwa zimefungwa. Nao walikuwa na York, kompresa ya pistoni mbili: unafungua kizibo, unachovya kijiti, unaiona oili yako imefika wapi. Siku hizi oili imefichwa, na fundi anakisia. Naambiwa York ilitikisa injini nzima. Ilitikisa, ndiyo.

Na nyinyi mliokuwa mkinong'ona kwamba mtungi wa gesi ya kupikia ungemaliza mambo: propani inapoza vizuri sana, na evapoleta iko mbele ya magoti ya abiria. Nilishaandika hilo, sirudii.

Sasa mwenye gari anashauriwa "apunguze kidogo" kwa kufungua vali barabarani. Asithubutu. Kidogo ni gramu ngapi? Halafu R134a, ingawa haigusi ozoni, hushika joto angani zaidi ya mara 1,400 ya kaboni dayoksaidi, ndiyo maana Mkataba wa Montreal ukaongezewa kipengele kule Kigali mwaka 2016. Gesi yote itolewe kwa mashine ya kurejesha, mfumo uvutwe vakyumu upya, zirudi gramu 680 kwa mizani. Povu likionekana, liachwe. Feni ya kondensa nayo ikaguliwe, maana pale Makutano hakuna aliyeigusa.