Zimwi la Kariakoo Lina Uso wa Nani?

Duka la usiku. Rafu zimejaa soda, biskuti na vyakula vya pakiti, muuzaji amechoka. Watu wanne wameingia kutafuta chochote cha kutia tumboni. Mmoja wao ni mchawi, mwingine ni jitu lenye meno yaliyotokeza nje ya mdomo, na hakuna anayeshangaa. Kisha wahuni wanaingia nyuma yao na silaha, na usiku unaharibika.

Hivyo ndivyo wachezaji wengi walivyoanza kuujua Shadowrun, mchezo uliotolewa na kampuni ya FASA mwaka 1989. Kisa chenyewe kinaitwa "Food Fight", na mji ni Seattle, Marekani, katika mwaka wa kubuni wa 2050, wakati uchawi umerudi duniani na majoka yanamiliki makampuni.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii, nieleze kidogo. Watu wachache wanakaa pamoja. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza mahali na tukio, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo matokeo hayana uhakika, dadu zinatupwa. Hakuna jukwaa wala skrini, ni maneno tu. Kwa hiyo vitabu vya michezo hii vinastahili kusomwa kama tunavyosoma riwaya na tamthilia, maana navyo vinaumba mandhari, vinagawa sauti, na vinaamua nani ni mtu na nani ni zimwi.

Kwa muda sasa nimekuwa nikivisoma vile vinavyochukua mahali pa kila siku, yaani duka, stendi, mtaa, kiwanda kilichofungwa, na kupageuza kuwa nchi ya maajabu. Swali ninaloviuliza ni moja: ukiliondoa zimwi, je, mahali hapo panapona? Kitabu kikijibu ndiyo, mara nyingi kimetudanganya.

Tuanze na kilicho kizuri. Dungeons & Dragons, iliyozaa aina hii ya michezo mwaka 1974, iliwapeleka wachezaji mashimoni na ngomeni, mahali ambapo hakuna mtu wa leo aliyewahi kuishi. Msimulizi alilazimika kueleza kila ukuta. Duka la Shadowrun halihitaji maelezo hayo. Kila mchezaji anajua mlango uko wapi, pesa zinakaa wapi, na anajua kwamba muuzaji hana hamu ya kufa kwa ajili ya mali ya bosi. Mahali pa kawaida panakuja na sheria zake tayari, na sheria hizo zinafanya kazi ya nusu ya kitabu.

Lakini mara nyingi hadithi inaishia hapo. Duka linabaki uwanja wa kupigania. Weka baa mahali pake, au kituo cha mafuta, na risasi zitaruka vilevile. Hatujajua kwa nini muuzaji yuko macho saa nane za usiku, wala nani anakula faida ya macho yake.

Mchezo wa Dresden Files, uliotolewa na Evil Hat mwaka 2010 kutokana na riwaya za Jim Butcher, unakwenda mbele zaidi. Riwaya hizo zinajulikana kwa mji wa Chicago, lakini kitabu hakiwaambii wachezaji wakaishi humo tu. Kinawaambia wakae wote pamoja, kabla ya hadithi yoyote, waujenge mji wao wenyewe kutokana na mji wa kweli. Mfano wanaoutumia waandishi ni Baltimore. Unataja kinachousumbua mji na kinachoutishia, unataja mahali pake muhimu, halafu kila mahali unapapa uso, yaani mtu mmoja ambaye wachezaji wakifika hapo watakutana naye. Soko si soko mpaka lina mtu wa kulisemea.

Naipenda sana kanuni hii. Ndiyo ufundi wa mwandishi wa hadithi fupi: usinieleze ofisi, nioneshe karani. Ila kanuni hiyohiyo ndiyo yenye hatari, kwa sababu mara tu unapokubali kwamba kila mahali pana uso, unalazimika kuchagua uso wa nani.

Tazama Vampire: The Masquerade, uliotoka mwaka 1991. Hadithi ya mwanzo katika kitabu cha kwanza haikuwekwa kwenye kasri la Ulaya. Imewekwa Gary, Indiana, mji wa viwanda jirani na Chicago, ambako mnyonya damu aitwaye Modius anajiita mtawala. Uchaguzi huo ni wa akili. Gary ilianzishwa mwaka 1906 na kampuni ya chuma ya U.S. Steel, ikapewa jina la mwenyekiti wake, Elbert Gary. Mwaka 1960 ilikuwa na watu zaidi ya 178,000. Mwaka 2020 walikuwa hawafiki 70,000. Ajira za chuma zilipungua, weupe wengi wakahama mji ulipokuwa wa weusi, biashara zikawafuata. Mji ulinyonywa, ukaachwa. Mtu anayetafuta mahali pa kuweka mnyonya damu angetaka nini zaidi?

Hapo kuna njia mbili. Modius anaweza kuwa sitiari: bwana mdogo anayejidai mkubwa juu ya magofu, anayetufanya tuione kampuni iliyoondoka na faida. Au anaweza kuwa kisingizio: kumbe mji ulikufa kwa sababu ya wanyonya damu! Njia ya kwanza inakurudisha kwenye historia. Ya pili inakuondolea haja ya kuisoma. Na tofauti yake ndiyo lile swali langu: mchome Modius kwa jua la asubuhi, uone kama kazi zitarudi Gary. Hazirudi.

Mwaka 2018 mchezo huohuo ulionesha njia ya pili inafika wapi. White Wolf walitoa kitabu kiitwacho Camarilla kwa ajili ya toleo la tano. Humo Chechnya ilichorwa kama nchi iliyo mikononi mwa wanyonya damu, na mateso ya wanaume wa mapenzi ya jinsia moja yakaelezwa kuwa sehemu ya hila zao za kuupotosha ulimwengu. Sasa kumbuka kwamba mwaka mmoja tu kabla yake gazeti la Novaya Gazeta lilikuwa limefichua kukamatwa, kuteswa na kuuawa kwa wanaume hao, watu wa kweli, mikononi mwa watu wa kweli. Kelele zikawa kubwa. Wachapishaji waliomba radhi, sehemu hiyo ikaondolewa, na kampuni mama, Paradox Interactive ya Sweden, ikaacha kuiendesha White Wolf kama kampuni inayojitegemea.

Wapo waliosema ni suala la adabu tu, kwamba jeraha lilikuwa bado bichi. Mimi naona ni kosa la kisanaa kabla ya kuwa la adabu. Hadithi ilichukua uhalifu wenye wahusika ikawapokonya wahusika wake. Askari aliyepiga akawa kikaragosi, na aliyetoa amri akawa pazia. Waliobaki na miili yao ni waliopigwa tu. Hadithi ya namna hiyo imemkinga mkosaji, hata kama mwandishi wake hakukusudia.

Sisi huku tuna hadithi zetu za wanyonya damu, na inafaa kuziweka kando ya hizi. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya watu wa Kenya na Uganda, akaandika kitabu, Speaking with Vampires, kilichochapishwa mwaka 2000. Enzi ya ukoloni watu walisimuliana kwamba wazimamoto huwakamata Waafrika usiku na kuwatoa damu. Kwetu Tanzania jina linalojulikana zaidi ni mumiani. Ona jinsi masimulizi hayo yalivyojengwa. Hayana kasri wala popo. Yana kituo cha zimamoto, gari, sare, ndoo, shimo, na mtu anayelipwa mshahara. Ni mahali pa kila siku pa mji wa kisasa, pamegeuzwa kuwa pa kutisha, bila dadu hata moja.

Na mnyonya damu ni nani humo? Mwajiriwa. Ana zamu, ana mkubwa wake, na damu inapelekwa mahali kwa matumizi ya wengine. Modius ananyonya kwa kiu yake mwenyewe. Mzimamoto ananyonya kwa sababu ndiyo kazi yake. Kwa upande wa uchunguzi wa madaraka, wasimulizi wetu wasio na majina wanawashinda waandishi wengi wa Marekani. Zimwi lao linaelekeza kidole juu.

Lakini tuseme ukweli wote. Tetesi haina meza. Anayesimulia hasemi "tunacheza". Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, tetesi za wanyonya damu ziliwafanya watu kuunda makundi na kuua waliowashuku, hadi Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka Mulanje na Phalombe. Ubora wa mchezo wa mezani ni yale makubaliano: tunajua ni uongo, tumeukubali pamoja, na yeyote anaweza kunyanyua mkono akasema hapa tusimame.

Hilo nililiona kwenye meza yetu. Tulikuwa watano, tukitumia ile kanuni ya Dresden Files kuijenga Kariakoo. Mambo yalikwenda haraka maana mahali penyewe panajieleza: jengo la Beda Amuli na paa lake la miamvuli ya zege, sakafu ya chini ya ardhi wanayoiita shimoni, moto wa Julai 2021. Nani tena anahitaji shimo la majoka? Tukafika kwenye nyuso. Mwenzetu mmoja akapendekeza mchawi wa sokoni: bibi kizee muuza dagaa, macho mekundu. Wawili wakacheka, wakakubali.

Dada mmoja aliyekulia Shinyanga akasema, "Huyo hapana." Akatueleza kwa ufupi, bila kupandisha sauti. Kwao bibi mwenye macho mekundu ni mwanamke aliyepika kwa moto wa kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, moshi ukamwingia. Na wanawake wa namna hiyo wamekatwa mapanga kwa kuambiwa ni wachawi. Akaongeza, "Tukimfanya zimwi hapa, tumerudia tu kilichosemwa siku ile."

Kuna wanaoona kuzuiana kwa namna hii kunaua ubunifu. Kwangu mimi huo ulikuwa uhakiki bora kuliko mwingi unaochapishwa. Bibi yule hakuwa ubunifu. Alikuwa uso wa kwanza uliotujia kichwani, na uso wa kwanza kuja kichwani ni ule uliokwisha kuwekwa humo na watu wengine.

Kwa hiyo tukauliza upya: Kariakoo inatishwa na nini hasa? Jibu lilikuwa kwenye jina. Kariakoo ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi, ambao kambi yao ilikuwa hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Na leo, kwenye mitaa ileile, vijana wanabeba magunia kichwani na kusukuma maguta tangu alfajiri.

Tukampata zimwi wetu: mpagazi anayetokea alfajiri katikati ya makuli, mzigo kichwani, akimuuliza kila anayekutana naye kama ni yeye anayeshika daftari la malipo. Hadhuru mtu. Ila kila anayemjibu "si mimi" anaukuta mzigo wake mwenyewe umeongezeka uzito.

Wasomaji wa fasihi yetu hawatashangaa. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alikwisha kumleta marehemu katikati ya maisha ya kisasa ili amsute mjukuu mwenye madaraka. Mzuka huo haufichi makosa ya walio hai. Unawajia hadi chumbani kuwadai. Fantasia ya namna hiyo tunayo kitambo, na anayetaka kuandika mchezo wa Kiswahili aanzie kwenye rafu hiyo kabla hajafungua kitabu cha White Wolf.

Mpagazi wetu tulicheza naye jioni tatu. Wachezaji walijaribu dua, walijaribu ubani, mmoja akatupa dadu na kupata namba ya juu kabisa, akatangaza kwamba amemfukuza. Nikamwambia sawa, ameondoka. Kisha nikamweleza anachokiona: kumekucha, soko linafunguliwa, na kijana wa miaka kumi na saba anainama apandishiwe gunia. Akanitazama. "Huyu analipwa shilingi ngapi?" akauliza. Tukaendelea kucheza kutoka hapo.