Mteremko wa Nyuzi 11

Mvua zikikolea Nyanda za Juu Kusini, vijia vya Rungwe na Kilolo huwa utelezi mtupu. Anayeanguka hutanguliza kiganja, na uzito wote wa mwili hutua kwenye ncha ya rediasi, mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba. Kijana huenda akainuka na michubuko tu. Mama aliyekoma hedhi miaka mingi iliyopita, ambaye mifupa yake imepungua madini, huinuka ameushika mkono uliopinda juu kidogo ya kifundo.

Abraham Colles, daktari wa Dublin, aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya Röntgen kugundua eksirei. Aliutambua kwa kupapasa. Vijijini kwetu wapo waungaji mifupa wenye ujuzi wa namna hiyo. Vidole vyao husikia mengi, ila haviwezi kuona ndani ya kiungo, na vijiti wanavyofungia mkono vikikazwa kupita kiasi damu haipiti, mkono ukaoza.

Huko ndani ndiko kwenye hesabu. Uso wa rediasi unaobeba vifupa vya kiganja umeinamia kiganjani kwa nyuzi kama 11, na umeinamia upande wa kidole kidogo kwa nyuzi kama 22. Ncha yake ya upande wa kidole gumba imeuzidi upande wa pili kwa milimita 11 hivi. Daktari wa mifupa hutembea na namba hizo kichwani. Akiiinua picha ya eksirei kwenye mwanga, huona mara moja mteremko uliogeukia nyuma.

Ustadi wake wa kwanza, hata hivyo, ni kujua lini asipasue. Tafiti za wagonjwa wazee zimeonyesha kwamba wengi waliovutwa mfupa na kufungwa plasta gumu, lile linaloitwa hogo mtaani, baada ya mwaka mmoja huutumia mkono karibu sawa na waliopasuliwa, hata pale mfupa ulipounga ukiwa umepinda kidogo. Kwa hiyo daktari huisoma picha pamoja na mwenye mkono. Uso wa kiungo umepasuka vipande? Mfupa ulivutwa ukakaa, kisha ukateleza tena? Mkono huu unasuka vikapu vya milulu kule Iringa, unashika jembe, unaegemea bakora?

Ikibidi kupasua, safari huweza kuwa ndefu. Kutoka Iringa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Pete na bangili huvuliwa mapema kabla vidole havijavimba, na mkono hufungwa gango ukae juu ya kifua.

Mezani, kiganja hutazama juu. Chale hufuata kano ya kukunja kifundo. Upande mmoja upo mshipa wa damu ambao nesi huugusa akihesabu mapigo. Upande wa pili ipo neva inayokipa kidole gumba na majirani zake hisia. Mpasuaji hupita katikati yao bila pupa, akiinua msuli mwembamba uliolala juu ya mfupa. Huondoa damu iliyoganda, huvuta, hukunja na kusukuma kwa kidole mpaka vipande vikae, kisha huvishikiza kwa nyaya nyembamba na kupiga picha. Mteremko usiporudi, huanza upya.

Ndipo linapowekwa bamba la chuma. Upande wa kiganjani ulianza kupendwa zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa kwa kazi ya mpasuaji Jorge Orbay wa Miami, kwa kuwa nyuma ya mkono kano zimeubana mfupa na chuma huzisugua. Vichwa vya skrubu za bamba hilo vina hesi zinazokaza ndani ya bamba lenyewe. Bamba na skrubu huwa kitu kimoja, kama kigoda na miguu yake, na mfupa laini wa mzee huegemea hapo. Lakini skrubu ikizidi urefu kidogo tu hutokeza nyuma na kukata kano. Bamba likisogezwa mbele mno, kano ya kidole gumba husagika. Fundi mzuri huridhika na skrubu fupi kidogo.

Baada ya hapo kazi ni ya mtaalamu wa fiziotherapia. "Bibi, funga ngumi. Haya, fungua. Tena." Vidole huanza kuchezeshwa mapema, kwa sababu mkono unaoogopewa hukakamaa. Mfupa huhitaji wiki kama sita kuunga. Nguvu ya kushika huchukua miezi. Kiganja hufundishwa upya kugeuka juu na chini, mpaka mwenyewe aweze kusonga ugali wa watu wengi bila kubadili mkono.

Lakini ufundi huu hautimii bila swali moja: kwa nini mfupa ulivunjika kwa anguko dogo? Kifundo kuvunjika uzeeni huweza kutangulia kuvunjika kwa nyonga, na nyonga ndiyo inayomlaza mtu kitandani. Daktari anayepima uimara wa mifupa, akauliza kuhusu macho, dawa za presha na chakula, akahimiza mazoezi ya miguu, anamaliza kazi ambayo bamba peke yake haliwezi kuimaliza.