Ufundi wa Kuachia: Sun Jihai na Kazi ya Namba Mbili

Wengi hudhani kazi ya beki ni kuzuia kila kitu. Hakuna beki awezaye hilo. Uwanja una upana wa mita 68 hivi, winga ana mbio, na mpira huenda kasi kuliko miguu ya binadamu yeyote. Anayetaka kuziba njia zote huishia kuziacha zote wazi. Kwa hiyo beki huchagua. Humwachia mshambuliaji kidogo ili amnyime kikubwa: anamwachia pembeni amnyime katikati, anatoa mpira wa kurusha asitoe kona, anatoa kona asiruhusu shuti. Uamuzi huo anaufanya mara nyingi katika dakika 90, kila mara kwa kufumba na kufumbua, na kila mara yuko mbioni. Kwangu mimi huu ndio ufundi wa juu kabisa katika soka, na mtu ambaye maisha yake ya mpira yananionyesha vizuri thamani yake ni Sun Jihai, Mchina aliyevaa jezi ya Manchester City kuanzia mwaka 2002 hadi 2008.

Mtazame namba mbili yeyote hodari, yaani beki wa kulia, anapobaki peke yake na winga. Beki mchanga humkimbilia adui na kunyoosha mguu. Winga anausogeza mpira kidogo tu, na beki ameshapitwa. Beki aliyefundishwa hukimbia kwa nguvu hatua za mwanzo ili kuufupisha umbali, kisha hupunguza mwendo kabla hajamfikia. Anasimama kiubavu, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamekunjwa, uzito wote uko mbele ya nyayo. Macho yake yako kwenye mpira, maana mabega ya winga hudanganya na kiuno chake hudanganya. Kwa jinsi alivyouweka mwili, njia ya kuingia ndani ameshaifunga, na iliyobaki ni ile ya kuelekea kwenye chaki. Anarudi nyuma taratibu, anasubiri. Winga akiugusa mpira kwa nguvu kupita alivyokusudia, ukamtoka mguuni hata nusu hatua, hapo ndipo beki anapoingia. Na winga asipokosea, kiungo ameshawahi kurudi kusaidia, wawili sasa dhidi ya mmoja. Katika hali zote mbili beki amepata alichokuwa anakitafuta, nacho ni muda.

Sun alizaliwa mwaka 1977 Dalian, mji wa bandari katika rasi ya Liaodong, kaskazini mashariki mwa China, ambao Wachina wenyewe huuhesabu kuwa mji wa mpira. Alikua akiichezea Dalian Wanda wakati ikiitawala ligi ya nchi hiyo. Kati ya mwaka 1995 na 1997 timu hiyo ilicheza mechi 55 za ligi bila kufungwa, na ikatwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo, 1996, 1997 na 1998. Timu ya namna hiyo ni shule ngumu kwa beki kuliko watu wanavyofikiri. Inashambulia muda mwingi, viungo wake wanapanda, na nyuma panabaki nafasi kubwa yenye watu wachache. Beki wake anaweza kukaa dakika 20 bila kuguswa, kisha akatakiwa kuwa sahihi mara moja, bila kupata joto la mchezo kwanza.

Septemba 1998 alikwenda London pamoja na Fan Zhiyi, na wawili hao wakawa wachezaji wa kwanza kutoka China bara kucheza katika ligi ya kulipwa ya Uingereza. Klabu ilikuwa Crystal Palace, daraja moja chini ya Ligi Kuu, na kocha alikuwa Terry Venables. Fan, mzaliwa wa Shanghai, alikuwa beki wa kati mwenye sauti na mabavu. Mwaka 1995 aliipa Shanghai Shenhua ubingwa na kuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 15, na mwaka 2001 akachaguliwa mchezaji bora wa Asia. Sun alikuwa mwepesi, mtu wa pembeni, wa kukaba na kupanda. Palace iliingia katika shida kubwa ya fedha, na baada ya msimu mmoja tu akarudi Dalian. Hakurudi kinyonge: timu yake ilitwaa ubingwa tena mwaka 2000 na 2001. Nauhesabu uamuzi huo kuwa wa beki hasa. Ulaya aliiachia kwa muda ili apate uwanja wa kucheza kila wiki.

Mlango ukafunguka tena Februari 2002. Kevin Keegan alimnunua kwa pauni milioni 2 kuichezea Manchester City, iliyokuwa ikipigania kurudi Ligi Kuu. Ile ilikuwa timu ya kushambulia kwelikweli: ilimaliza msimu na pointi 99 na mabao 108 ya ligi. Keegan alipenda kupanga mabeki watatu nyuma, na Sun akapewa ubavu wa kulia, uwanja mzima juu na chini. Msomaji aliyewahi kucheza nafasi hiyo anajua inavyomchosha mtu. Ukipanda na krosi yako ikakatwa, yule winga uliyemwacha nyuma yako anakimbilia eneo ambalo ni lako. Kwa hiyo hesabu ya kuachia huanza mbali, ukiwa bado unashambulia: unaangalia nani amebaki nyuma na kama kiungo wako amekuona, ndipo unapoamua kwenda au kubaki. Anayepanda bila hesabu hiyo anaifungia timu pinzani.

Oktoba 2002, City wakiwa wamesharudi Ligi Kuu, Sun alifunga ugenini dhidi ya Birmingham City katika ushindi wa mabao 2-0. Hilo lilikuwa bao la kwanza la Mchina katika ligi hiyo. Siku ya Mwaka Mpya wa 2003 Everton na City zikatoka sare ya 2-2, Mchina mwenzake Li Tie akiwa Everton na Sun akiwa City, na huko China mamilioni wakakaa mbele ya televisheni. Bao la Birmingham ndilo linalotajwa kila jina lake linapotajwa, na ni haki litajwe. Lakini makocha hawakumpanga msimu baada ya msimu kwa ajili ya bao hilo. Walimpanga kwa sababu ukimweka kulia anacheza, ukimhamishia kushoto anacheza, ukimwomba azibe pengo katikati anaziba. Mchezaji wa namna hii mara nyingi huitwa kiraka, kana kwamba ni kitambaa cha kufunikia tundu. Naona ni jina la heshima. Kuhama nafasi ni kubadili kila pembe uliyoizoea: mguu wa kukabia, upande wa kumsukumia adui, sauti ya jirani unayemsikiliza. Anayeweza hayo yote ameuelewa mchezo wenyewe, si kona yake peke yake.

Mpira pia ulimchukulia vingi. China ilifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tarehe 7 Oktoba 2001 mjini Shenyang, kwa kuifunga Oman 1-0. Miezi minane baadaye, katika mechi ya kwanza dhidi ya Costa Rica, Sun aliumia na kutolewa kabla ya nusu saa. China ilifungwa mechi zote tatu, ikaruhusu mabao tisa bila kupata hata moja. Kisha Oktoba 2004, katika mechi dhidi ya Chelsea, goti lake liliumia vibaya na msimu ukaishia hapo. Goti ndilo linalombeba beki anapogeuka kumfuata aliyempita. Likiguswa, ufundi wote unatikisika.

Alirudi, na akaendelea kuwa City hadi 2008. Alipita Sheffield United, kisha akacheza China mpaka mwaka 2016, akikaribia umri wa miaka 40. Alikuwa katika kikosi cha Guizhou Renhe kilichotwaa Kombe la FA la China mwaka 2013. Kucheza hadi umri huo kunawezekana kwa beki kwa sababu moja: mbio zinapopungua, kujua mahali pa kusimama kunabaki. Anayejua winga ataelekea wapi hahitaji kumshinda mbio. Anatangulia hatua mbili na kumsubiri. Mwaka 2015 jina lake likaingizwa katika orodha ya heshima ya Makumbusho ya Taifa ya Soka ya Uingereza, yaliyoko Manchester, la kwanza la Mchina.

Kwetu, mpira wa shule unapopangwa, kila mtoto anataka namba tisa au namba kumi, na anayebaki baada ya wote kuchagua anaambiwa akakae nyuma. Huko anapewa agizo moja: butua. Hatufundishi kusimama kiubavu wala kusubiri mguso mbaya, na hatumwambii mtoto kwamba kutoa kona kunaweza kuwa uamuzi wa mtu mwenye akili. Halafu timu zetu zinapofungwa dakika za mwisho tunalaumu bahati. Mwalimu wa mpira anayesoma haya ampeleke nyuma mtoto wake mwenye macho makali kuliko wote, na amfundishe jambo gumu lililomlisha Sun Jihai kwa miaka 20: kujua, katikati ya mbio, ni kipi cha kumwachia adui na kipi kisitoke kamwe.