Kiroboto wa Hooke, Maji ya Karagita

Mwaka 1665 Robert Hooke alichapisha kitabu chake Micrographia huko London, na ndani yake kuna kiroboto aliyechorwa mkubwa hata karatasi yake ikabidi ikunjwe ndio iingie kitabuni. Nimemtazama kiroboto huyo kwenye simu, nikiwa hapa Karagita, mara nyingi kweli. Mpaka leo sijaona picha ya hadubini inayomshinda.

Kwa nini? Hooke hakuchora alichokiona mara moja. Alitazama, akabadilisha mwanga, akatazama tena, ndipo akachora. Wapiga picha wa siku hizi hufanya vivyo hivyo kwa kompyuta: wanapiga picha nyingi, kila moja ikilenga kina tofauti, kisha wanaziunganisha ziwe moja. Tunaambiwa ni ushahidi. Mimi naona ni utunzi pia. Si kosa, bora tu mtazamaji ajue.

Nilijaribu mwenyewe, simu nimeibana kwenye hadubini ya kuazima. Kwanza jani la waridi. Mguu mmoja wa utitiri ulitoka vizuri, mwili wote ukungu. Mama jirani, ambaye kazi yake shambani ni kukagua majani kwa lenzi ya mkononi, alicheka. "Jirani, umeona mguu tu? Sisi tunageuza jani lote, na lile la kando yake." Uhakiki huo ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Kisha tone la maji ya kisima. Picha ilitoka safi, angavu, karibu tupu. Nikaipenda. Jirani akauliza, "Sasa hapo ndio kuna ile kitu inaharibu meno ya watoto?"

Nikakosa jibu. Huku Bonde la Ufa maji mengi ya chini ya ardhi yana floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya mtoto yanayokua hubadilika rangi. Lakini floraidi imeyeyuka majini. Hadubini kama hii haiwezi kuionyesha. Hiyo ni ya kupimwa maabara.

Hapo ndipo ninapogombana na sifa tunazozimwagia picha hizi, eti zinafichua yasiyoonekana. Zinafichua chenye umbo, basi. Picha yangu nzuri kuliko zote ndiyo iliyonidanganya zaidi. Nimeihifadhi, ila chini yake nimeandika: maji haya hayajapimwa.